Bawa la Kushoto hatunaye tena, na jinsi nilivyodhaniwa mtoto wake wa nje pale Lurambi

Wakuu, popote mnaposomea hii, nawasalimu.

Mimi ni Tofali Bichi. Wengi hamnijui kwa sababu huwa nasoma tu na kuondoka kimya. Leo nimeandika, na nimeandika kidogo kidogo kwa siku kadhaa, maana mikono yangu haijazoea kazi hii. Nitakayosema nimeyaona mwenyewe. Pale ambapo sikuona, nitasema sikuona.

Wenzetu wa Tanzania mnivumilie Kiswahili. Mimi ni wa Kakamega na shule niliishia darasa la nane.

Nimeona watu wanauliza kwenye nyuzi za zamani, "Bawa la Kushoto yuko wapi? Amekula ban?" Kuna mmoja aliandika kwamba ametununia, kwamba siku hizi anajiona.

Hapana, wakuu. Bawa la Kushoto amefariki. Tumemzika.

Kwa wageni wa jukwaa, huyu ndiye mtu aliyekuwa akituletea historia ya ndege. Ndiye aliyeandika ule uzi wa ndege za maji zilizokuwa zikitua ziwani Kisumu enzi za ukoloni, abiria wanashushwa kwa mashua kama samaki. Ndiye aliyetueleza kwa nini Dakota, ile ndege ya zamani ya propela mbili, ikisimama chini inainua pua kama mtu mwenye maringo: gurudumu la tatu liko mkiani, na ni dogo. Ndiye aliyetufundisha taa za ndege. Nyekundu iko bawa la kushoto, kijani bawa la kulia, nyeupe mkiani. Ukiona nyekundu na kijani pamoja, ndege inakujia. Ukiona nyeupe peke yake, inakwenda zake.

Hakuwahi kuuza kitu. Hakuwahi kumtukana mtu. Na alikuwa na tabia moja ambayo wote mliowahi kumuuliza swali mnaijua. Alikuwa hajibu moja kwa moja. Anaandika kwanza:

"Niambie wewe umeona nini."

Mimi swali langu la kwanza lilikuwa kuhusu ule mstari mweupe ambao ndege huacha juu. Nililiandika kwa woga sana. Mtu mmoja akanijibu haraka, "Rudi shule, mkuu." Wengine wakaweka vicheko.

Nilitaka kufuta.

Bawa la Kushoto akaja akamwambia yule mtu, "Swali lake lina faida kuliko jibu lako." Halafu akaniandikia mimi, "Niambie umeona nini. Mstari unaanzia pale pale nyuma ya ndege, au kuna nafasi katikati?"

Sikuwa najua. Kazi yangu ni kufyatua matofali huku Iguhu, tunachimba udongo, tunakanyaga, tunaweka kwenye kibao. Siku zilizofuata kila ndege ikipita juu nasimama na udongo mikononi, naangalia mbinguni. Mwenzangu wa kazi akasema, "Huyu ameokoka, sasa matofali tutafyatua na nani?"

Niliporudi jukwaani nikaandika: kuna nafasi.

Akafurahi, nilimsikia akifurahi hata kama ni maandishi. Akanieleza kwamba moshi wa injini hutoka na unyevu ukiwa moto sana, na huko juu ni baridi kali. Unahitaji nafasi kidogo upoe ndipo ugande uwe barafu ndogondogo. Hiyo nafasi niliyoiona ndiyo muda wa kupoa.

Wakuu, hakuna mwalimu aliwahi kunipa jibu ambalo nusu yake nililitoa mimi.

Jinsi tulivyojuana kwamba tuko karibu ni hivi. Siku moja ndege ndogo ya propela moja ilizunguka juu ya mji mara mbili kabla ya kushuka kwenye kiwanja chetu. Nikaiandika hapa jukwaani. Yeye akajibu kabla sijaweka simu mfukoni:

"Hata mimi nimeisikia sasa hivi. Kijana, uko Kakamega?"

Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tukisikia ndege zilezile. Akaniandikia inbox jina lake, Zakaria. Akasema nikifika Lurambi niulize daktari wa ng'ombe, hata mtoto mdogo atanionyesha boma. Alisema ana picha za zamani nyingi, niende tuziangalie. Nikamwambia nitakuja tukishachoma tanuri.

Halafu akanyamaza.

Kwetu huku mtu akifa hutangazwa kwenye redio ya lugha ya nyumbani. Tulikuwa tunapanga matofali, redio iko juu ya toroli, mtangazaji anasoma majina ya marehemu na ya watu wanaopaswa kujulishwa. Nikasikia Zakaria, wa Lurambi, daktari wa mifugo mstaafu.

Nilikaa chini kwenye udongo.

Niliwaandikia wale wachache ambao tulikuwa tukichangia nyuzi zake. Rubani wa Nchi Kavu, ambaye mnamjua kwa mizaha, hakuweka mzaha. Aliandika, "Sisi wote tuko mbali. Wewe uko hapo. Nenda utuwakilishe." Dada Injini akasema, "Usiende na mdomo mtupu. Nitakutumia maneno, uyasome mbele ya watu."

Hayo ya mbele ya watu yalinitoa jasho. Mimi hata kanisani nikiambiwa nitoe salamu najificha nyuma ya nguzo.

Lakini nilikwenda.

Sasa, kwa wasiojua, kwetu mgeni akifika matangani huulizwa ametoka upande gani. Kuna upande wa kanisa, upande wa kazini, upande wa ukoo, upande wa ukweni, na majirani. Kila upande una viti vyake na msemaji wake. Hata chakula hupakuliwa kwa upande.

Mimi sikuwa na upande.

Ningesema nini? Upande wa simu?

Kwa hiyo nilipoona shoka na magogo karibu na jikoni la nje, nikaanza kupasua kuni. Kuni hazimuulizi mtu ametoka wapi. Nilipasua mpaka akina mama wakaanza kunisifu.

Mchana huo ndipo walileta picha kubwa ya mzee, wakaiweka mezani chini ya hema na maua.

Wakuu, nilikuwa nikimjua mtu huyu kwa muda mrefu na sikuwa nimewahi kuona uso wake. Kwenye profile aliweka picha ya bawa. Nilikuwa nimemchora kichwani kama rubani mrefu mwenye miwani meusi. Kumbe alikuwa mzee mfupi, mwembamba, masikio makubwa yamesimama, na anacheka kidogo upande mmoja wa mdomo.

Nikalia. Sikujua nimeanza saa gani. Nilikuwa nimesimama na shoka mkononi, nalia kama mtoto mbele ya picha.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nilirudi kwenye kuni. Ukuta wa jikoni ni wa mabati, unasikia kila kitu.

"Huyo kijana ni wa nani?"

"Nilidhani ni wa kwenu."

"Kwetu? Sisi hatuna mtu analianga hivyo."

"Angalieni masikio."

"Ayii! Masikio ni ya Daktari kabisa."

"Wewe, nyamaza. Mama Niko atasikia, na mumewe hajazikwa."

Mimi masikio yangu, wakuu, ni makubwa, sikatai. Nimeyarithi kwa mjomba wangu.

Muda si muda nikaitwa na Senje Febe. Senje kwetu ni shangazi, na huyu alikuwa dada wa marehemu, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na wenzake.

"Mirembe, kijana."

"Mirembe, senje."

"Umetusaidia na kuni, Mungu akubariki. Umetoka wapi?"

"Iguhu."

Wakaangaliana.

"Iguhu. Na mzee ulimjulia wapi?"

Nikasema tu, "Alikuwa... tulikuwa tunaongea."

"Mlikuwa mnaongea. Mama yako yuko?"

"Yuko."

"Aliwahi kuwa na ng'ombe?"

Niliona swali ni la ajabu, lakini mimi sijui kudanganya watu wazima. Nikasema ndiyo, alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, zamani, kabla sijazaliwa.

"Kabla hujazaliwa," Senje akarudia polepole. Mama mmoja akapiga makofi mara moja na kujifunika uso na leso.

Sikujua, wakuu, kwamba Daktari alikuwa amefanya kazi upande wa Iguhu miaka mingi, anatembea boma kwa boma akitibu ng'ombe.

Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imezunguka hema lote. Kifungua mimba wa mzee, Nikodemu, mtu mzima mwenye watoto wake, akanifuata karibu na zizi. Hakunipiga. Aliongea chini chini, na hiyo iliniogopesha zaidi.

"Unataka nini hapa? Shamba?"

"Hapana."

"Basi sema umekuja kufanya nini."

Nilikuwa na maneno yote kichwani. Jukwaa, nyuzi, Dakota, taa. Lakini alikuwa amesimama karibu sana na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, na mimi ulimi ukawa kama udongo haujakanyagwa. Nikasema, "Nimekuja kumlilia tu."

Hilo jibu lilikuwa baya kuliko yote.

"Mama yangu yuko ndani ya nyumba ile," akasema. "Amefiwa juzi. Sasa leo amefiwa mara ya pili kwa sababu yako." Akaenda zake.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yangu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu kicheko kikaisha ghafla, akakasirika.

"Huyo Daktari alikuja akamchoma ng'ombe sindano, akanywa chai ya maziwa ya huyo huyo ng'ombe, akapanda baiskeli yake. Hiyo ndiyo hadithi yote."

Nikamwambia, "Basi kesho sirudi."

"Utarudi," akasema. "Usiporudi watasema ni kweli, umeona aibu umekimbia. Mimi jina langu litapona, nina mdomo wa kujitetea. Huyo mzee hana. Atazikwa na uongo, na mke wake atabaki nao nyumbani. Ningekwenda mwenyewe, lakini nikifika nitapigana na huyo Senje."

Niliwaandikia wenzetu. Rubani wa Nchi Kavu hapo akashindwa kujizuia: "Mkuu, tumekutuma salamu, wewe umerudi na baba?" Lakini baadaye akaongeza: "Simama useme. Wewe ndiye unayejua alikuwa akifanya nini kwenye simu."

Siku ya mazishi watu walijaa. Ngoma ya isukuti ilipigwa asubuhi, halafu kwaya, halafu salamu. MC alikuwa shemasi mmoja mrefu, anashika maiki kama mtu anayekula hindi la kuchoma. Akaita upande wa kanisa, wakasema. Akaita upande wa mifugo, wakasema jinsi Daktari alivyokuwa akizalisha ng'ombe kwenye matope bila kulalamika. Ukoo wakasema. Ukweni wakasema.

Hakuna hata mmoja aliyetaja ndege. Hata mmoja, wakuu. Nilikaa nyuma nikisikiliza wanamzika mtu nusu.

Halafu MC akasema watoto wa marehemu wasimame mbele, waonekane, kila mmoja atajwe jina. Ni desturi. Wakasimama, Nikodemu na ndugu zake.

Sauti ikatoka nyuma, sijui ya nani, ya mlevi nadhani:

"Na yule wa Iguhu?"

Wengine wakacheka. Wengine wakafanya "shhh." MC akaangalia karatasi yake kana kwamba jibu liko huko.

Mama Niko, mjane, alikuwa ameketi karibu na jeneza, amejifunika leso ya kahawia. Akanyoosha mkono, akaomba maiki. Hata Senje Febe alishtuka.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Nitaandika maneno yake kama ninavyoyakumbuka.

"Nimekaa na huyu mzee tangu nikiwa msichana. Hii miaka ya mwisho alikuwa na simu kuliko alivyokuwa na mimi. Anaketi pale chini ya ghala, anaandika, anacheka peke yake. Nikikaribia anaigeuza kifudifudi. Nilijua kuna mtu. Sikumuuliza, kwa sababu ukiuliza unajibiwa. Sasa kama huyu kijana ni wake, asimame na wenzake. Mtoto hana kosa. Sitaki mzee aingie kaburini na mtu amefichwa."

Akamrudishia MC maiki.

Wakuu, mimi sijui miguu ilinifikishaje mbele. Nakumbuka tu viti vikisogezwa nipite.

MC akanipa maiki. "Jina lako, kijana?"

Na mimi kwa woga nikasema jina la huku.

"Tofali Bichi."

Hema zima likaangua kicheko. MC akasema, "Haya, tofali. Sema au ukauke."

Nikamgeukia mama. Sikuwaangalia wengine.

"Mama, mimi si wa mzee. Sikuwahi kumwona. Uso wake nimeuona hapa kwenye picha, mara ya kwanza."

Nikodemu akasema bila maiki, lakini tulimsikia, "Sasa ulikuwa unalilia nini?"

"Alikuwa ananifundisha ndege."

"Ndege gani?"

"Zote. Za zamani. Zilizotua Kisumu majini. Dakota, kwa nini inainua pua. Alikuwa anatufundisha kwa simu, sisi wengi. Ndiyo alikuwa akiandika."

Waliniangalia kama nimesema mzee alikuwa akiongea na mwezi. Nikaona maneno yangu hayatoshi. Nikatoa simu, nikafungua ule uzi wa mstari mweupe, nikaanza kusoma.

Mimi nasoma polepole. Nafuata neno kwa kidole. Nilisoma swali langu, nikasoma "rudi shule," nikasoma jinsi mzee alivyomjibu yule mtu, nikasoma "Niambie wewe umeona nini."

Hapo mmoja wa wale wa upande wa mifugo akasema kwa sauti, "Ni yeye! Hata ukimpelekea ng'ombe mgonjwa ndivyo anasemanga. Umeona nini wewe kwanza?"

Watu wakaguna wakikubali. Ulikuwa mguno mdogo, lakini uliniinua.

MC akaangalia saa, akanyoosha mkono achukue maiki. Mama Niko akasema, "Mwache asome. Leo hakuna mahali tunakimbilia."

Nikasoma salamu alizonitumia Rubani wa Nchi Kavu. Aliandika kwamba yeye ni dereva wa lori, na foleni ya mpakani humaliza mtu. Alisema wenzake hucheza karata, yeye husoma nyuzi za Bawa la Kushoto, na kwamba amemaliza foleni nyingi akiwa angani.

Nikasoma za Dada Injini. Yeye anasomea ufundi wa injini za ndege, na darasani msichana ni yeye peke yake. Siku aliyotaka kuacha alimwandikia mzee. Mzee hakumbembeleza. Alimuuliza, "Niambie umeona nini ndani ya hiyo injini leo." Dada akaandika ukurasa mzima. Mzee akamjibu, "Mtu aliyeona yote hayo anaachaje? Lala, kesho urudi."

Hapo nikampa MC maiki, nikabaki nimesimama.

Mama Niko hakulia kwa sauti. Alishika ukingo wa jeneza akasema, si kwa maiki, ila nilikuwa karibu nikasikia:

"Sasa kwa nini ulikuwa unanificha, Zakaria? Ndege tu?"

Tukamzika.

Baada ya mazishi Senje Febe alinifuata na sahani yenye obusuma, yaani ugali, na paja la ingokho, nyama ya kuku ambayo kwetu haipewi mtu yeyote tu. "Kula, Tofali," akasema. "Nilikukosea. Lakini hayo masikio bado nitayaulizia."

Nikodemu alikuja tukaketi kwenye magogo niliyopasua. Akasema, "Baba hakuwahi kunitajia hata ndege moja. Wewe unajua kwa nini Dakota inainua pua. Mimi nilijua sindano ya ng'ombe tu." Nilimweleza lile gurudumu la mkiani. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, la maana.

Mama Niko ndiye aliyenieleza sababu ya mzee kuficha. Zamani, watoto wakiwa wadogo na nyumba haina kitu, mzee alirudi nyumbani na majarida ya ndege. Yeye akamwambia aache utoto mbele ya watoto wake. Hakumbuki kama alipiga kelele. Anakumbuka tu kwamba tangu siku hiyo mzee hakutaja ndege tena ndani ya nyumba ile, na yeye akadhani hamu hiyo imeisha.

Hakuna mbaya hapo, wakuu. Mimi sioni mbaya. Mke alikuwa na watoto wa kulisha. Mume akachukua kitu alichokipenda akakipeleka nje, kikakua huko nje, kikawa na watoto kama sisi, na nyumbani wakaona tu mgongo wa simu.

Kama kuna funzo nimelipata ni hili. Wewe unayesoma hapa, na una uzi unaoupenda, una watu unaocheka nao humu, usiigeuze simu kifudifudi. Mwonyeshe mtu wa nyumbani kwako hata ukurasa mmoja. Hata akikucheka. Mtu akikucheka unaweza kumweleza tena kesho. Akikushuku hakuulizi.

Sasa niseme kwa nini nimeandika hivi, maana si kwa ajili ya pole tu.

Mama Niko hana simu ya kufungua mambo haya, na macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Aliniomba niwe nikienda Jumapili baada ya kanisa nimsomee. Nimeanza. Tunakaa chini ya lile ghala, ananipa chai, ninasoma nyuzi za mzee tangu wa kwanza kabisa. Nasoma polepole na yeye hajali. Kuna mahali anacheka, anasema, "Huyo ndiye niliolewa naye." Kuna mahali anasema nirudie. Ndege za maji nimerudia mara nyingi.

Jumapili iliyopita aliweka kikombe chini, akaniuliza bila kuniangalia.

"Na mimi? Kuna mahali aliniandika?"

Wakuu, nimezisoma nyuzi zote. Nilizisoma kabla hajafa na nimezisoma tena sasa, na majibu yake yote niliyoyapata. Ameandika marubani, mafundi, abiria, hata mbwa wa uwanja wa ndege. Mke wake sikumwona. Hata neno moja.

Nilimwambia, "Mama, bado sijafika huko. Nyuzi ni nyingi."

Akasema, "Sawa. Soma taratibu."

Kwa hiyo naomba. Najua mzee aliwajibu wengi wenu inbox, huko ambako mimi siwezi kuingia. Fungueni jumbe zenu za zamani. Kama aliwahi kukwambia amekatiza kuandika kwa sababu mke ameita chakula, kama alisema mama amepika nini, kama alimtaja hata kwa kulalamika, weka hapa chini. Usiongeze kitu. Usitunge, tafadhali, atajua, amekaa naye maisha yote. Weka vile vile alivyoandika.

Mstari mmoja utatosha.

Jumapili narudi Lurambi.